Jina la Biashara Kinywani mwa Watu: Kampuni Kubwa, Mitandao ya Kijamii na Msikilizaji wa Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi



Huenda mada niliyoichagua ikaonekana kuwa ni ya idara ya biashara kuliko ya idara ya Kiswahili. Faida na hatari za kampuni kubwa kujitangaza katika mitandao ya kijamii zinamhusu nini mwanafunzi wa isimujamii? Naona zinamhusu kwa sababu iliyo wazi. Kabla kampuni haijamuuzia mtu soda, sabuni au muda wa maongezi, imekwisha kumpa maneno. Jina la bidhaa, wito wa kuvutia wateja, salamu ya asubuhi inayotumwa kwa wafuasi, jibu la lalamiko: vyote hivyo ni lugha. Na katika nchi yetu, kwa sehemu kubwa, lugha hiyo ni Kiswahili.

Hoja ya mhadhara huu ni moja, nami nitaieleza mapema ili msikilizaji aweze kuipima njiani. Tangazo la redio au la bango husema bila kujibiwa papo hapo. Lakini kampuni inapoingia katika mitandao ya kijamii hulitoa jina lake katika himaya ya ofisi na kulitia katika mazungumzo ya watu. Huko jina huwa neno, na neno ni mali ya wasemaji. Faida ya kampuni hutokana na jambo hilo, na hatari yake hutokana na jambo hilohilo. Hata hivyo hatari haiishii kwa kampuni. Sehemu yake kubwa humwangukia msikilizaji aliye mbali, ambaye hakushauriwa jambo lolote. Naye ndiye ninayetaka tumfikirie leo.

Nimezichagua wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo Kiswahili huishi pamoja na lugha nyingine za Kibantu nyumbani na gulioni. Pili, historia ya karibuni ya Ngara inatupa majina mawili yanayofundisha mengi kuhusu jina la biashara na imani ya watu. Nitaanza na majina hayo, ndipo nije kwenye mitandao yenyewe.

2.0 Majina mawili ya Ngara

Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko mashariki yake, kwenye njia iendayo Geita na Ziwa Viktoria. Katika sensa ya mwaka 2012 Ngara ilihesabiwa kuwa na watu 320,056 na Biharamulo watu 323,486. Lugha za wenyeji wa Ngara ni Kihangaza na Kishubi, ambazo katika uainishaji wa Guthrie zimepewa alama D65 na D64, katika kundi moja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Huko Biharamulo husikika Kisubi, Kizinza, Kisukuma na Kihaya. Kiswahili ni lugha ya shule, ya mahakama, ya soko na ya matangazo. Kwa hiyo tangazo lililoandikwa Dar es Salaam hufika Ngara likiwa katika lugha ambayo wengi wanaielewa vizuri, lakini ambayo kwa wazee wengi si lugha ya kwanza ya kufikiria mambo ya fedha.

Jina la kwanza ni Benaco. Benaco ilikuwa kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, iliyokuwa na kambi yake ya kazi katika eneo la Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokuwa wakikimbia kutoka Rwanda walivuka mpaka hapo Rusumo kwa muda wa takriban saa 24. Wakakusanyika mahali palipokuwa na jina la kampuni hiyo. Katika wiki chache Benaco ikatajwa katika taarifa za habari za dunia nzima kama mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi. Wakimbizi hao walirejea Rwanda Desemba 1996, lakini jina lilibaki. Leo ni jina la mji mdogo wa biashara, na wako wanaoliandika Benako, kwa k, kama tahajia ya Kiswahili inavyodai. Jina la kampuni limekuwa jina la mahali, bila tangazo lolote wala idhini ya mwenye jina.

Jina la pili ni Kwizera. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha huko Ngara kituo kiitwacho Radio Kwizera. Katika Kinyarwanda na Kirundi neno hilo lina maana ya kuamini na kutumaini, na si geni kwa sikio la Mhangaza. Tukumbuke wakati wenyewe. Mwaka mmoja tu nyuma, kituo cha RTLM huko Rwanda kilikuwa kimetumika kuchochea mauaji. Kwa watu waliotoka katika balaa hilo, kuiita redio kwa jina lenye maana ya imani lilikuwa tendo zito la lugha. Walioichagua kauli hiyo walijua masikio ya nani yangeisikia.

Majina haya mawili yanatupa ncha mbili za mjadala wetu. Benaco ni jina lililochukuliwa na hali na kupewa maana ambayo mwenyewe hakuikusudia. Kwizera ni jina lililoanza kwa kumjua msikilizaji. Kampuni inayojitangaza katika mitandao ya kijamii hutamani hali ya pili, na mara nyingi hujikuta katika ya kwanza.

3.0 Kutoka jina hadi neno

Jina la biashara kugeuka kuwa neno la kawaida si jambo jipya katika Kiswahili. Bajaji imetokana na Bajaj, kampuni ya India. Leo ni nomino ya kawaida ya ngeli ya I-/ZI-, na chombo kilichotengenezwa na TVS nacho huitwa bajaji. Kiwi ni rangi ya viatu ya kiwanda chochote. Fuso ni lori la ukubwa wa kati, mtu asiulize limetengenezwa na nani. Rambo ni mfuko wa plastiki, na neno limeendelea kuishi hata baada ya mifuko hiyo ya kubebea bidhaa kupigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019.

M-Pesa ni mfano wenye mafunzo zaidi. Huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Herufi ya kwanza inawakilisha simu ya mkononi kwa Kiingereza. Neno la pili lilikuwa tayari mfukoni mwa kila Mswahili, nalo lenyewe lilipata kutoka India kabla ya kuwa letu. Kampuni ilikopa neno la umma, ikaliwekea herufi moja mbele, kisha umma ukalirudisha: leo mtu anaweza kusema “nitumie kwa M-Pesa” huku fedha zikipita katika mtandao wa kampuni nyingine. Wanasheria wa alama za biashara huiogopa hali hiyo. Huko Marekani kampuni ya Bayer ilipoteza haki ya pekee juu ya jina la aspirini mwaka 1921, kwa kuwa mahakama iliona kwamba kwa wanunuzi wa kawaida jina hilo lilikuwa limekwisha kuwa jina la dawa yenyewe.

Kuna pia upande wa mzaha. Kampuni ya simu iliyoanza kwa jina la Mobitel ilikuja kuitwa Buzz, kisha Tigo. Vijana wa mitaani wakalichukua jina hilo la mwisho wakalipa maana ya faragha isiyofaa kutamkwa katika ukumbi huu, na ambayo naamini wengi mnaijua. Fedha zote za matangazo hazikuweza kuifuta. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, katika utafiti wao wa mwaka 2006 kuhusu lugha ya mitaani nchini Tanzania uliochapishwa katika jarida la Swahili Forum, walionyesha jinsi mtindo huo wa usemi unavyoyageuza maneno kwa ubunifu mkubwa. Majina ya kampuni hayakusamehewa. Mwishoni mwa mwaka 2024 jina la Tigo liliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na Yas, jina ambalo kundi la Axian lilikuwa likilitumia kuunganisha huduma zake katika nchi mbalimbali. Yas inaishia na konsonanti, na silabi ya Kibantu kwa desturi huishia na irabu. Itafaa wanafunzi wafuatilie wasemaji wa Biharamulo watalitamkaje jina hilo, na watalipa maana gani.

Kilicho kipya, basi, ni mwendo. Zamani neno lilihitaji miaka kusafiri kutoka kijiwe cha Kariakoo hadi gulio la Biharamulo. Tangu kuanzishwa kwa Facebook mwaka 2004, Twitter mwaka 2006, WhatsApp mwaka 2009 na Instagram mwaka 2010, safari hiyo imekuwa ya saa chache.

4.0 Faida

Nisingependa kuonekana kama mtu anayelaumu tu. Faida zipo, na nyingine ni faida za Kiswahili chenyewe.

Faida ya kwanza ni kusikilizwa. Mteja wa Rulenge au Nyakahura ambaye zamani angelazimika kusafiri hadi ofisi ya kampuni mjini, leo anaweza kuandika lalamiko lake hadharani na kujibiwa. Kwa sababu wengine wanaona, kampuni huona haya kunyamaza. Lalamiko la mtu mmoja hupata mashahidi, na jibu hupata mashahidi vilevile.

Faida ya pili ni ya lugha. Facebook ilitoa toleo la Kiswahili mwaka 2009, na kampuni zikalazimika kuwaandikia watu kwa lugha wanayojibu. Ulazima huo umebadili mtindo. Tutazame mifano miwili ya kabla na pembezoni mwa mabadiliko hayo. Kampuni ya Celtel ilipogeuka kuwa Zain mwaka 2008, ilileta wito wa “Ulimwengu maridhawa”. Huo ulikuwa tafsiri ya wito wa Kiingereza uliosifu ulimwengu wa kupendeza. Lakini maridhawa katika kamusi ni “tele”, “-a kutosha”. Maneno yalikuwa ya fahari, maana ikayumba, na jina lenyewe likaondoka mwaka 2010 ilipoingia Airtel. Kwa upande mwingine, wito wa Vodacom wa “Kazi ni kwako” haukunusa tafsiri. Umetokana na usemi ambao kila mtu anautumia anapomwachia mwenzake uamuzi, mara nyingi kwa utani kidogo. Mtu anaweza kuujibu, kuupindua, kuutania. Wito unaoweza kujibiwa ndio unaofaa katika mitandao, kwa kuwa mitandao ni mahali pa kujibizana.

Faida ya tatu ni kwa bidhaa za nyumbani. Kagera ndiyo makao ya kiwanda cha TANICA cha Bukoba, kinachotengeneza kahawa ya Africafe. Mkulima wa mkoa huu amezoea kuiona kahawa ikiondoka katika magunia na kupotelea katika majina ya wageni. Bidhaa yenye jina la kwao, inayopigwa picha na Mtanzania aliye ugenini na kurudishwa nyumbani kwa simu, ni heshima ya namna fulani. Tena picha hiyo haikuigharimu kampuni chochote.

5.0 Hatari

5.1 Jibu lisilotarajiwa

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa McDonald's. Januari 2012 kampuni hiyo iliwaalika watu wasimulie hadithi zao katika Twitter kwa alama ya reli #McDStories. Watu wakasimulia kweli, lakini hadithi nyingi zilikuwa za malalamiko na kejeli, na kampuni ikausitisha mwaliko huo katika muda wa saa chache. Walioandaa mwaliko walidhani wamefungua dirisha la sifa. Wasemaji wakalitumia kama dirisha.

Karibu na nyumbani tuna mfano wa Safaricom. Oktoba 2017 kampuni hiyo ya Kenya ilizindua wito wa “Twaweza”. Kwa mwanaisimu ni neno zuri: limeacha kiambishi -na- cha “tunaweza” na kuchukua -a-, umbo lenye ladha ya ushairi na methali. Lilikuwa pia tayari jina la asasi ya kiraia iliyoanzishwa mwaka 2009 na inayofanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda. Nafsi iliyomo ni “sisi”. Lakini Kenya wakati huo ilikuwa imegawanyika vibaya kwa uchaguzi, na mwezi uliofuata upinzani uliwaita wafuasi wake wasusie Safaricom, Brookside na Bidco. Mwito huo ulisambaa katika mitandao ileile iliyobeba “Twaweza”. Swali ambalo kiambishi tw- hakikuweza kulijibu ni dogo: sisi ni akina nani? Bango lingeweza kulikwepa swali hilo. Mtandao wa kijamii hauwezi.

5.2 Mashine isiyojua Kiswahili

Mitandao huendeshwa kwa programu zinazopanga nani aone nini. Programu hizo kwa muda mrefu hazikukijua Kiswahili. Hadi mwaka 2018 Twitter ilikuwa na tabia ya kukitambulisha Kiswahili kuwa ni Kiindonesia, na ilichukua kampeni ya watumiaji wenyewe kabla lugha hii haijatambuliwa mwaka huo. Jambo hilo lilichekesha. Lililofuata halikuchekesha. Julai 2022, kabla ya uchaguzi wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuipelekea matangazo yenye maneno ya chuki ya kikabila, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza kwa makosa ya sarufi, kisha yakakubaliwa yaliposahihishwa. Mashirika hayo yaliyaondoa kabla hayajaonekana kwa umma. Kampuni ya sabuni inayolipia nafasi katika ukurasa kama huo haijui itakaa jirani na nini. Ni sawa na kukodi kibanda sokoni bila kuruhusiwa kumwona jirani.

5.3 Uwanja wa mwingine

Kampuni nyingi husahau kwamba uwanja zinapochezea si wao. Oktoba 2020, wakati wa Uchaguzi Mkuu, matumizi ya mitandao kadhaa ya kijamii yalizuiwa nchini. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Sitalijadili hapa upande wake wa siasa. Nataja tu kwamba kampuni iliyofunga masikio mengine yote na kubaki na mtandao peke yake, katika siku hizo ilikuwa bubu.

5.4 Neno la umma kuwa mali ya mtu

Hatari nyingine huelekea upande wa lugha. Mwaka 1994, ilipotoka filamu ya The Lion King, kampuni ya Disney iliomba kusajili nchini Marekani maneno “Hakuna Matata” kama alama ya biashara kwa mavazi, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Wasemaji wengi wa Kiswahili hawakuwa na habari. Mwishoni mwa mwaka 2018 Shelton Mpala, mwanaharakati wa Zimbabwe, alianzisha ombi la kupinga usajili huo, na watu zaidi ya 100,000 wakalitia saini katika intaneti. Wanasheria walieleza kwamba usajili wa namna hiyo haumzuii mtu kuyasema maneno hayo, na kisheria walikuwa sahihi. Hata hivyo watu hawakuwa wakizungumzia sheria. Walikuwa wakisema kwamba kampuni imechuma katika shamba ambalo haikulilima. Mtandao uliokuwa ukitumika kuitangaza filamu mpya ya mwaka 2019 ndio uliobeba lalamiko hilo.

6.0 Balozi asiye na mlango

Sasa nifike kwa msikilizaji niliyemtaja mwanzoni. Kampuni zetu zimepata desturi ya kumchagua msanii au mchezaji maarufu na kumwita balozi wa bidhaa zake. Neno balozi lina historia katika vijiji vyetu. Tangu miaka ya 1960, balozi alikuwa ni balozi wa nyumba kumi. Alijulikana kwa jina na kwa nyumba. Mtu akipatwa na jambo usiku, aligonga mlango wake. Mgeni akitaka kutambulishwa, ni yeye aliyemtambulisha. Ubalozi huo ulikuwa na kasoro zake, ila ulikuwa na mlango.

Balozi wa bidhaa hana mlango wa kugonga. Anaingia katika simu ya mwanakijiji wa Ngara kwa sauti ya jamaa wa karibu: “ndugu yangu”, “familia yangu”, “nawapenda”. Akimaliza mkataba, huenda mwezi ujao akaisifu kampuni nyingine kwa maneno yaleyale. Kwa mtu wa mjini aliyezoea, hayo ni maonyesho. Kwa mtu ambaye lugha ya undugu bado ina uzito wa kisheria, maneno hayo ni ahadi.

Hapo ndipo tapeli anapopata mlango. Kurasa bandia zenye nembo za kampuni halisi huahidi zawadi na mikopo, na lugha yake haiko mbali na lugha ya kampuni yenyewe. Tuchambue ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameupata: “Ile pesa tuma kwenye namba hii.” Nguvu yake yote imo katika neno “ile”. Kionyeshi hiki hutumika kwa kitu ambacho msemaji na msikilizaji wamekwisha kukizungumzia. Tapeli hajui lolote kuhusu anayemwandikia. Anategemea kwamba, katika nchi ambayo watu hutumiana fedha za ada, mazishi na matibabu kila siku, mtu mmoja kati ya wengi atakuwa na “ile pesa” yake. Sarufi inafanya kazi ambayo bunduki ingeshindwa. Na kampuni zilizowazoesha watu kuitwa kwa jina la undugu na asiyewajua zimeisafisha njia hiyo, pasipo kukusudia.

Katika Ngara na Biharamulo mambo mawili huongeza uzito wa hatari hii. La kwanza ni kwamba ujumbe mara nyingi haufiki kwa macho ya mlengwa. Mwenye simu janja ni kijana. Anamsomea mama yake, au anamweleza kwa Kihangaza. Katika maelezo hayo, “huenda ukashinda” yaweza kuwa “utashinda”, na jina la kampuni hubaki kama lilivyo, likiwa ushahidi wa ukweli. La pili ni mpaka. Mtu wa Rusumo au Kabanga ana jamaa na wateja ng'ambo, na namba ya kigeni haimshtui kama inavyomshtua mtu wa Dodoma. Kinga ambayo mwenzake anayo, yeye hana.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa kushirikiana na kampuni za simu, imeendesha kampeni yenye jina la “Sitapeliki”. Kwa sarufi ni neno lililotungwa vizuri: nafsi ya kwanza, ukanushi, na kauli ya kutendeka, yenye maana kwamba mimi si mtu wa kutapelika. Nalisifu. Lakini kauli hiyo inaweka mzigo wote juu ya nafsi ya kwanza. Anayetapeliwa anaonekana kuwa ameshindwa kusema neno hilo kwa uthabiti. Inafaa tuwe pia na neno linalomwelekea mwenye nembo: umefanya nini ili jina lako lisitumike kumwibia jirani yangu?

7.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na niliyoyaeleza, napendekeza mambo manne.

Kwanza, kampuni ziandike Kiswahili kutoka katika usemi wa watu, na jina jipya lijaribiwe kwa wasemaji wa lugha za mahali kabla ya kupakwa kwenye kuta za vibanda. Gharama ya kuwauliza Wahangaza 20 na Wazinza 20 ni ndogo kuliko gharama ya kubadili mabango.

Pili, kampuni ziache kulitumia bure neno la undugu. Kama zinaita watu familia, basi ziwe na mlango: anwani inayojibu kwa Kiswahili fasaha na chepesi, na mtu anayeweza kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imempa mwananchi haki juu ya taarifa zake. Haki hizo zinapaswa kuelezwa kwa lugha ambayo mama wa Biharamulo anaweza kuisikia mara moja akaielewa.

Tatu, redio ya mahali isidharauliwe. Onyo kuhusu ukurasa bandia likitolewa katika mtandao uleule wenye ukurasa huo, huwafikia walio na simu janja tu. Likitolewa na redio ambayo watu wa Ngara wameisikiliza tangu 1995, humfikia na yule anayesomewa.

Nne, na hili ni letu katika ukumbi huu. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwepo tangu 1967, na idara zetu zimekusanya methali, tenzi na istilahi kwa bidii. Bado hatujakusanya kwa utaratibu lugha ya matangazo ya mitandaoni na majibu ya watu kwa matangazo hayo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu na aende Ngara, aufuate ujumbe mmoja tangu unapotoka katika ukurasa wa kampuni hadi unaporudiwa jikoni kwa Kihangaza, aandike ni nini kimeongezwa na ni nini kimepotea njiani. Utafiti huo utawafaa wanaisimu, wafanyabiashara na watunga sheria kwa pamoja.

Mwenyekiti, nilisema kwamba jina likiingia mdomoni mwa watu huwa mali yao. Kampuni zenye busara zitalipokea hilo kama sharti la kuingia katika mazungumzo, nasi wasemaji tulipokee kama dhamana. Wakazi wa Ngara hawakuombwa ruhusa jina la mjenzi wa barabara lilipowekwa juu ya ardhi yao, lakini wamelifanya kuwa jina la soko ambako watu hununua na kuuza hadi leo. Uwezo huo wa kulipa neno maana mpya tunao sote. Jukumu letu la kitaaluma ni kuhakikisha kwamba wanaoutumia uwezo huo wanajua thamani yake, na kwamba hawalipishwi kwa imani yao.